Kikwembe cha Kuzikiwa

Denise alipoleta ile nguo ipanuliwe, Orpha alikuwa na pini mdomoni, na tuzishukuru pini zile, maana bila hizo angepiga ukelele wa kusikika hadi Hillbrow.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa nane wa mwaka 2005, na baridi ya Johannesburg ilikuwa ile inayopanda kutoka sakafuni na kuingia magotini. Wanawake hawa wawili, wote watu wa Bukavu, walipanga flati moja pale Berea, orofa ya sita, kila mmoja na chumba chake, jiko la wote. Orpha alikuwa fundi cherehani, akishonea chumbani karibu na dirisha. Mumewe Lambert alikuwa migodini Rustenburg, akionekana mwisho wa mwezi tu. Denise, mke wa Gaston mlinzi, alisuka nywele kwenye saluni ya mtaa wa chini. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa kununua.

"Mama Glody," Denise alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "hebu ona mambo haya! Nimeikuta kwenye vitu vyangu, sijaivaa hata siku moja. Nadhani niliichukua kule Fordsburg siku ile walipopunguza bei. Ni nzuri, sivyo? Ila inanibana hapa na hapa. Nipanulie mie, nataka kuivaa Jumapili."

Akaitandaza juu ya meza ya kukatia.

Kilikuwa kikwembe cha wax, kitenge cha watu wa kwetu, bluu iliyoiva, kina majani makubwa ya rangi ya dhahabu. Blauzi, sketi ndefu, na kipande cha tatu cha kujifunga kiunoni. Upindo wa shingoni haukupita kwenye mashine. Ulishonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, kwa sababu mwenye nguo alikuwa mgonjwa na ngozi yake ilikuwa laini, isingevumilia ukali wa uzi wa mashine. Orpha aliujua upindo ule. Aliushona yeye mwenyewe, akilia, ili mama yake mzazi azikwe na nguo ile.

Tuseme wazi mambo yalivyokuwa, ili asitokee mtu akasema Orpha alikasirika bure. Mwaka uliotangulia, Mama Nabintu, mama yake Orpha, alimwambia kwa simu kutoka Bukavu: "Mwanangu, usinitumie franga, franga zina wenyewe wa kuzila. Nishonee nguo ya kuzikiwa. Cherehani nilikufundisha mimi, sasa sitaki kulala chini na nguo ya mtu." Orpha akashona. Denise alikuwa anasafiri kwenda Bukavu kwenye harusi ya mdogo wake, akajitolea kubeba. "Nipe, dada, mama yako si ndiye mama yangu?" Aliporudi alikuja na pole. Begi lilipotelea Kigali, alisema, hata viatu vyake vipya vilikuwa humo. Mama Nabintu alikufa wiki chache baadaye. Luka, kaka yake Orpha, hakutaka kumficha dada yake: mama alizikwa na kikwembe cha jirani, kilichopauka, chenye doa la mafuta ya mawese tumboni.

Na matanga yalipofanyika humu humu kwenye flati, Denise alikaa naye mkekani, akamshika kichwa, akalia kuliko wote.

Sasa Orpha alimtazama usoni akitafuta aibu. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anavyotafuta sindano iliyoanguka. Hakuiona. Denise alikuwa anachekelea, anajigeuza geuza mbele ya kioo, nguo ameishikilia kifuani. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau! Nguo ya mama wa watu imekaa mwaka mzima katika rundo la mazagazaga yake, akaiona, akadhani aliinunua. Mwizi angalau anajua ameiba nini. Huyu hata hakumpa marehemu heshima hiyo.

Hapo ndipo hasira ya Orpha ilipoacha kuchemka na kuwa baridi. Akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Nguo nzuri sana, Mama Denise," akasema. "Iache hapa. Jumapili kuna nini?"

"Ushuhuda!" Denise akapiga kofi. "Pasta Évariste amenipa nafasi. Nisimame mbele, niwaonyeshe watu jinsi Mungu anavyowavika watoto wake. Nataka nipendeze hadi shetani aone haya."

"Utapendeza," Orpha akasema. "Niachie mimi."

Chumba cha Denise, ndugu yangu, ukikiona utacheka kisha utanyamaza. Kitanda kilikuwepo ila ulikijua kwa kubahatisha. Masanduku ya viatu hadi darini, seti za sufuria ambazo hazijawahi kuona moto, mapazia ya madirisha ambayo flati haina, mashine ya kusagia nyama kwa watu wanaokula dagaa. Gaston akitoka zamu alilala ubavu mmoja tu, kwa kuwa nafasi ya kugeukia ilikaliwa na mikoba. Kila Jumamosi Denise alishuka Fordsburg, kwenye lile soko kubwa la maduka ya Waislamu, akarudi na mifuko hadi kwenye viwiko, uso unang'aa kama wa bibi harusi. Mng'ao ule haukufika Jumatatu. Jumatatu mfuko umeshatupwa juu ya rundo, hata haujafunguliwa, na macho yake yameanza kuhangaika tena.

Kanisani walimsifia. Kanisa lao lilikuwa karakana ya zamani kule Jeppestown, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na Pasta Évariste alihubiri kwamba Mungu si maskini na watoto wake wasiwe maskini. Mtu akija na koti jipya, watu walisema "Amina." Ni Mama Jeanne peke yake, yule mzee aliyeongoza maombi ya wanawake, ambaye hakuitikia. Mama Jeanne alikuwa amepiga magoti mara nyingi kwa ajili ya Denise, na hakuwa anamwombea baraka.

Siku hiyo Orpha hakushona kitu kingine. Alikaa na nguo mapajani. Na jambo linaloniuma mimi ninayesimulia ni hili: nguo ile ilikuja kwa wakati wake kabisa. Luka alikuwa amepiga simu siku mbili tu kabla. "Jumamosi hii tunaweka saruji kaburini kwa mama," alisema. "Lo, kama ile nguo ingepatikana, dada! Tungechimba kidogo, tukamlalishia juu yake, ndipo tukamwaga saruji. Angekuwa ameipata." Walilia wote wawili kwenye simu, kwa sababu nguo ilikuwa imepotea. Na sasa hii hapa, nzima, mshono wake haujaguswa. Na Mama Jeanne, kwa mipango ya Mungu na tiketi aliyokatiwa na mwanawe, anaruka Alhamisi kwenda Kigali, Ijumaa yuko Bukavu. Mtu angetaka muujiza gani zaidi?

Orpha aliliona hilo. Asije mtu akasema hakuliona. Aliliona waziwazi Jumanne ile ile, akasimama, akachukua karatasi ya kufungia, akaanza kuikunja nguo. Halafu akasikia Denise anaimba jikoni.

Anaimba! Anakaanga vitunguu na kuimba "Bwana ni mwema." Orpha akasimama na karatasi mkononi. Akaanza kuwaza. Nguo ikiondoka Alhamisi, Denise atauliza, ataambiwa. Atalia kidogo, atasema "Yezu wangu, nisamehe," na Orpha, mbele ya watu wa kanisa, atalazimika kusamehe. Kisha Denise ataingia kwenye rundo lake, atachomoa nguo nyingine, na Jumapili atasimama mbele kuvikwa makofi. Na mama amelala mwaka mzima na doa la mawese tumboni.

"Haiwezekani," Orpha akasema kwa sauti. "Haki ya Mungu, haiwezekani."

Akaitundika nguo nyuma ya mlango, akaifunika kwa shuka. Jumapili Denise atapanda mbele ya watu wote wa Bukavu akiwa ndani ya nguo ya kuzikiwa ya marehemu. Hakuna mtu wa kwao asiyejua maana ya kuvaa nguo aliyotengewa maiti. Hapo ndipo Orpha atakaposimama na kusema. Denise hatasahau tena kitu chochote maisha yake yote.

Mama Jeanne alipanda ngazi zote sita Jumatano jioni, maana lifti ilikuwa imekufa zamani, akafika akihema na kujikalia kitandani kwa Orpha. Denise alikuwa jikoni, akamletea chai, akampa pole ya ngazi.

"Nimekuja kuaga, wanangu," Mama Jeanne alisema. "Begi langu lina nafasi. Mama Glody, una nini cha kunipa? Kaka yako ameniambia kwa simu habari ya saruji ya Jumamosi. Hata kitambaa tu, nikaweke kwa mama yako."

"Jumamosi ndiyo saruji?" Denise akauliza kwa huruma. "Mungu ampumzishe mama yetu." Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nguo ilikuwa nyuma ya mlango, hatua moja tu kutoka alipokaa mzee. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Kulikuwa na nafasi kubwa kabisa, maana Mama Jeanne hakuwa na haraka. Alikunywa chai yake, akangoja.

"Sina kitu, Mama," Orpha akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wasalimie tu."

Mama Jeanne akamtazama. "Una nini leo? Uso wako umefunga."

"Ni baridi, Mama."

"Baridi," mzee alirudia. Akaelekeza kidevu upande wa jikoni, akashusha sauti. "Mnamcheka yule. Mimi simcheki. Vitu havina kosa, ni vitu tu. Ila mtu akishakuwa na vingi hadi havijui, na yeye mwenyewe anapotelea humo humo ndani ya rundo. Namwombea Mungu amtoe. Na wewe niombee nini, binti yangu?"

"Niombee nifike Jumapili," Orpha akasema, na ilikuwa kweli tupu.

Alhamisi Gaston aliazima gari la mwenzake wa kazini wakamsindikiza mzee uwanja wa ndege, Gaston, Orpha na begi. Mama Jeanne alimkumbatia Orpha mara mbili. Begi lilikuwa jepesi. Orpha alilinyanyua yeye mwenyewe kuliweka kwenye mizani.

Waliporudi, akafunga mlango wake, akatoa mkasi.

Denise alikuwa mwanamke wa kifua na makalio. Mama Nabintu alikuwa mwembamba, na ugonjwa ulimpunguza zaidi. Ili nguo imwingie Denise ilibidi ifumuliwe ubavuni pande zote mbili na kuongezwa kitambaa, na kitambaa kile hakikuwepo ila kwenye kile kipande cha tatu cha kujifunga. Orpha alikishika kipande kile. Mama yake alikuwa amesema kwenye simu, "Kile cha kujifunga usikipunguze, mwanangu, nataka kinifunike miguu." Akapiga mkasi katikati. Alikuwa anamwona Denise tu, amesimama mbele ya kanisa, mdomo wazi.

Ijumaa Denise akaja kupimwa. Orpha alipiga magoti miguuni pake na pini, akipanga upindo wa chini.

"Weye unashona kama malaika," Denise akasema. "Hata haina dalili ya kuongezwa."

"Simama wima, Mama Denise. Utachomwa."

"Unajua," Denise akaanza, na sauti yake ikabadilika kidogo, "siku tulipokimbia vita mwaka ule wa tisini na sita, niliondoka nyumbani na mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe niliiacha. Nilitembea siku nzima na mfuniko, nikidhani nimebeba chakula. Watu walinicheka hadi kambini. Tangu hapo, nikiona kitu kizuri dukani, mkono wangu unakwenda wenyewe. Moyo unaniambia: chukua, kesho watakukuta mtupu. Nikishalipa, unatulia. Halafu haujapita muda, unaanza tena. Gaston anadhani napenda vitu. Vingine hata sivipendi, Mama Glody! Vingine sikumbuki nilivinunua lini."

Orpha akainua uso. Kwa kitambo kidogo alimwona mtoto wa watu anatembea barabarani na mfuniko wa sufuria, na kidogo amwonee huruma. Kidogo tu. Naye pia alikimbia mwaka ule. Naye alilala porini, tena na mimba, na hakumnyang'anya maiti nguo yake. Huruma ikapita ikaenda zake.

"Geuka," akasema.

Jumamosi alipiga pasi nguo ile hadi ikasimama yenyewe. Simu yake iliita mara kadhaa, namba ya Luka, na kila ilipoita aliiacha iite hadi ikachoka. Alijua kule ni saa ya kazi kaburini. Alijiambia atampigia kesho, atakapokuwa na la kumweleza, na kwamba mama mwenyewe, popote alipo, angependa haki itendeke kwanza. Tusimcheke. Ukishakusudia jambo baya, sababu hazikosekani.

Jumapili karakana ilijaa. Denise aliingia na ile bluu, kilemba kirefu kichwani, na wanawake wakapiga vigelegele. Kusema kweli alipendeza. Kazi ya Orpha ilikuwa safi mno, na mwenyewe alikaa kiti cha mstari wa pili, mikono mapajani, na furaha mbaya moyoni.

"Bwana asifiwe!" Denise akashika kipaza sauti.

"Amina!"

"Mimi niliingia nchi hii bila hata kiatu cha pili. Leo kabati halifungiki! Nani amefanya?"

"Bwana!"

"Itazameni hii nguo! Mungu akitaka kukuvika, nguo inakujia yenyewe. Mimi hii nimeikuta chumbani kwangu, hata sikumbuki nilivyoipata!"

Watu wakacheka na kushangilia. Orpha akasimama. Pasta Évariste alidhani ameguswa na Roho, akamnyooshea mkono aje mbele, naye akaja.

"Hukumbuki?" akamwuliza Denise, na hakuhitaji kipaza sauti. "Nitakukumbusha. Hiyo ni nguo ya kuzikiwa ya mama yangu."

Akawageukia watu.

"Ninyi wote mlikuja matanga. Wote mlisikia nguo ya mama ilipotelea Kigali. Haikupotea. Iko mbele yenu, imejaa mwili wa Denise. Shika shingoni, Denise! Pindua upindo, waone mshono wa mkono. Mama yangu amelala na tambara la jirani, na weye unamshukuru Mungu kwa nguo ya maiti!"

Denise akashika shingo ya blauzi. Kitu kikamrudia usoni taratibu, kama mtu anayeamshwa. "Begi," akasema. "Mungu wangu. Lile begi."

Gaston akasimama kule nyuma, na sare yake ya ulinzi, maana alitoka zamu moja kwa moja. "Begi lile nililirudisha mimi," akasema. "Uwanja wa ndege walisema mizigo yako imezidi. Ukatoa begi dogo, ukanipa nirudi nalo nyumbani. Nikalitupa kwenye vitu vyako. Sikujua kuna nini ndani, Denise. Sikujua."

"Niliona haya kumwambia," Denise alisema. "Nilikuwa nimebeba mapazia. Nikasema nitaituma baadaye kwa mtu mwingine. Halafu... halafu..." Akajitazama kifuani, na hapo ndipo alipoelewa amevaa nini. Alipiga yowe. Akaanza kuvuta vifungo, vikaruka sakafuni, akavuta mikono, akavuta sketi, pale pale mbele ya wanaume na watoto, hadi wanawake wa mbele wakamkimbilia na vikwembe vyao wakamzungushia. Wengine walirudi nyuma. Mmoja alisema kwa sauti, "Amevaa nguo ya marehemu, asiniguse." Wale waliompigia vigelegele wakavuta watoto wao.

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane. Orpha aliionja tamu ile hadi kooni: Denise chini, kilemba kimelegea, analia bila sauti, na hakuna hata mmoja wa kumwambia Mungu ni mwema. Akainama, akaiokota nguo, akaipangusa vumbi. Alitaka kutoka zake kwa mwendo wa mtu aliyeshinda.

"Mama Glody," Gaston akasema. Alikuwa amefika mbele, amesimama kati yake na mlango, wala hakuwa na hasira. "Nguo hii aliileta lini kwako?"

"Jumanne."

"Na uliijua siku hiyo hiyo?"

"Mshono wangu mwenyewe nisiujue?"

"Alhamisi tulimpeleka Mama Jeanne," Gaston akasema. Alisema polepole, akitafuta, kama mtu anayetaka kusaidiwa aelewe. "Mimi na wewe. Begi lake lilikuwa na nafasi. Uliliweka wewe kwenye mizani."

Watu waliokuwa wanamtazama Denise wakaanza kumtazama Orpha. Pasta Évariste akakaa kwenye kiti.

"Kama ningeituma," Orpha akasema, "nani angejua alichonifanyia?"

Aliyasema kwa nguvu, kama jibu la kutosha. Yalipotoka mdomoni ndipo naye alipoyasikia.

Denise aliinua kichwa kutoka kati ya vikwembe vya wanawake. Macho yalikuwa yamevimba. "Jana ilikuwa saruji," akasema. "Mama Jeanne alisema, nikasikia. Mimi nilisahau, Mama Glody, Mungu anilaani. Wewe ulikuwa unakumbuka."

Orpha alitoka na nguo, akateremka Jeppestown kwa miguu akipita hosteli na magereji yaliyofungwa, hadi kwenye kontena la simu la Msomali mmoja anayeuza dakika, maana simu yake haikuwa na salio la kupiga nje. Alikuwa na haraka sasa. Haraka ya ajabu, wakati jambo limeshapita. Alikuwa anajiambia pengine imenyesha, pengine fundi hakuja, pengine watu wa Bukavu wamechelewa kama kawaida yao.

"Dada!" Luka akaitikia. "Nilikupigia jana mara nyingi. Kazi imekwisha vizuri, kaburi limependeza. Mama Jeanne alifika Ijumaa, akasema hukumpa kitu. Lakini mzee yule, unamjua, alisema uso wako ulikuwa na jambo, pengine umempa mtu mwingine anayekuja nyuma. Basi tukamwambia fundi angoje. Tulingoja hadi saa tisa, saruji ikaanza kukauka kwenye toroli. Nikakupigia nikuulize. Hukupokea, tukamwaga."

Orpha aliikunjua nguo mapajani. Ubavuni kulikuwa na vile vipande alivyoongeza. Cha kujifunga hakikuwepo tena. Vifungo vilibaki viwili.

"Ile nguo," Luka akauliza, "haikuonekana, sivyo?"

Msomali aligonga kaunta kumwonyesha kwamba dakika zinakwisha.

"Haikuonekana," Orpha akasema.

"Najua. Nilijua tu." Akamsikia kaka yake akivuta pumzi, akilia kwa hasira kama wanavyolia wanaume. "Basi huyo aliyemnyima mama nguo yake, popote alipo, Mungu asimsahau. Asizikwe na nguo yake hata yeye. Sema amina, dada."

Laini ilikuwa safi siku hiyo, aliweza kumsikia Luka anangoja.

"Amina," Orpha akasema.